Kazi Safi ya Kuziba Oili Inayovuja

Ukitaka kumpima fundi anayeziba oili ya injini, mwangalie kabla hajashika spana. Tone lililodondoka sakafuni halionyeshi lilikotoka. Oili huteremka kwa uzito wake, na gari likiwa barabarani upepo huisukuma nyuma. Ndiyo maana gasketi ya tapeti kava, iliyo juu kabisa, ikivuja kwa nyuma, oili hufuata ukuta wa injini mpaka kwenye maungio ya giaboksi, ikadhaniwa inatoka kwenye sili ya nyuma ya krenkishafti. Gasketi hiyo katika injini nyingi hubadilishwa nyumbani kwa vifaa vya kawaida. Sili ya nyuma hudai giaboksi ishushwe. Fundi anayetamka "sili ya nyuma" baada ya kuchungulia uvunguni tu amebahatisha, na gharama ya kubahatisha kwake unailipa wewe.

Uchunguzi wa kweli huanza kwa kuosha. Injini isafishwe, ikaushwe, iwashwe kwa dakika 15 hivi, kisha imulikwe kwa kurunzi kuanzia juu kwenda chini. Pakiwa pagumu kuonekana, poda ya mtoto ikinyunyizwa mahali pakavu huonyesha njia ya oili kwa mstari mweusi. Kinachotafutwa ni sehemu ya juu kabisa iliyolowa, maana yote yaliyo chini yake yanaweza kuwa yamechafuliwa tu. Swichi ya presha ya oili, kitu kidogo kisichoshukiwa, hulowesha ubavu mzima wa injini. Filta mpya nayo humwaga sana ikiwa imefungwa juu ya mpira wa filta ya zamani uliobaki umeng'ang'ania.

Chanzo kikijulikana, bado kuna swali la kwa nini. Mara nyingi mpira umekakamaa kwa joto na umri. Lakini injini hupumua: gesi zinazopenya kwenye pistoni hutolewa kupitia vali ya PCV, na vali hiyo ikiziba, presha hutafuta upenyo kwenye sili. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Pumzi hafifu si tatizo; moshi ukitoka kwa nguvu, sili mpya haitadumu mpaka presha hiyo ishughulikiwe.

Inapofika kuziba kwenyewe, huja mabishano ya gundi ya silikoni. Wapo wanaosema huziba kila kitu, na wana hoja: sampo ya Toyota 1NZ-FE, injini inayojulikana vizuri katika gereji zetu, hufungwa kwa gundi ya namna hiyo tangu kiwandani. Ila kiwandani nyuso mbili huwa safi, na gundi huwekwa mstari mwembamba uliopimwa. Tapeti kava ya injini hiyohiyo ina gasketi ya mpira, na gundi inahitajika pale tu kifuniko cha cheni kinapokutana na silinda hedi. Ukiona silikoni imefura nje pande zote, jua kwamba nyingine imefura ndani. Ikikatika, huelekea kwenye chujio la pampu, na injini iliyokuwa ikipoteza matone huanza kunyimwa oili. Sijui alama ya kazi mbovu iliyo wazi kuliko hiyo. Tazama pia mikwaruzo ya bisibisi kwenye aluminiamu, na uulize bolti zilikazwaje. Za tapeti kava huhitaji mkazo mdogo, kwa kawaida karibu newtonmita 10, zikikazwa kwa zamu kutoka katikati. Kuzikaza kwa nguvu za mkono wote hupinda kava na kukata nyuzi.

Wengine husema gari la zamani lazima livuje, kwa hiyo chupa ya dawa ya kuzuia uvujaji inatosha. Dawa hizo zinaweza kulainisha mpira uliokakamaa na kupunguza matone, lakini haziungi gasketi iliyokatika. Tena umri wa gari haupunguzi hatari ya oili kudondokea ekzosi yenye moto.

Anayefanya kazi hii nyumbani asiingie uvunguni gari likiwa limeshikwa na jeki pekee; aweke stendi. Na anayempelekea fundi gari asikubali giaboksi ishushwe kabla injini haijaoshwa na kutazamwa upya, yeye mwenyewe akiwepo.