"Uvimbe" na "Jinsia": Istilahi Mbili Zinazopotosha

Mwanafunzi wa tiba akichunguza kwa nini vifuko vya ateri za ubongo huonekana zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume, huenda akaiita kazi yake "Tofauti za Kijenetiki za Kijinsia katika Uvimbe wa Ubongo". Sarufi yake haina kasoro. Lakini istilahi zake mbili zinapotosha.

Kwanza, "uvimbe wa ubongo". Asikiapo maneno hayo, mgonjwa hufikiri saratani. Dhana inayokusudiwa ni nyingine kabisa: ukuta wa ateri umedhoofika mahali pamoja, ukasukumwa na damu hata ukatokeza nje. Hakuna kilichoota. Yakadiriwa kwamba watu wazima 3 hivi katika kila 100 wana kifuko cha namna hiyo, na vingi havipasuki kamwe. Lakini kikipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na maisha huwa hatarini papo hapo. Istilahi isiyotenganisha mambo hayo yaweza kumtia mgonjwa hofu isiyo na msingi, au kumnyima tahadhari anayoihitaji.

Wako wanaopendelea "aneurisimu". Hatulikatai neno hilo baina ya wataalamu, ila halimwelezi mgonjwa lolote. Kitenzi "benuka" tunacho tayari, nacho chasema hasa lile linaloupata ukuta wa ateri. Twapendekeza "mbenuko wa ateri".

Pili, "kijinsia". Mtafiti wa jeni hutazama mwili: kwa kawaida mwanamke ana kromosomu X mbili, na mwanamume X moja na Y moja. Hiyo ni jinsi. Jinsia yafaa tuiachie nafasi na desturi ambazo jamii humpangia kila mmoja. Tofauti hii si ya maneno matupu. Uvutaji wa sigara huongeza hatari ya maradhi haya, na nani avute mara nyingi huamuliwa na desturi, wala si kromosomu. Mtafiti mwenye neno moja kwa mambo yote mawili aweza kuzisingizia jeni yaliyotendwa na jamii.

Kwa hiyo anwani ingefaa isomeke: "Tofauti za Kijenetiki baina ya Jinsi Mbili katika Mibenuko ya Ateri za Ubongo". Ni ndefu kidogo, lakini kila neno limebeba dhana yake lenyewe.