Wi-Fi ya nyumbani: kode ngumu peke yake haitoshi



Kuna ujumbe unaozunguka katika magrupu yetu ya WhatsApp hapa Likasi: "Linda Wi-Fi yako. Weka kode ndefu yenye herufi, namba na alama. Ficha jina la mtandao. Basi, umemaliza." Mimi niliufuata neno kwa neno. Leo ninaukosoa, juu ulinigharimu.

Mimi ni agronomu, si mutu wa kompyuta. Kwetu Kikula, lupango letu liko na nyumba tatu na tunachangia modemu moja ya kadi ya simu. Mwaka jana nilinunua giga za kutumia dosye yangu ya kuomba masomo. Kode yetu ilikuwa na herufi 20. Asubuhi ya siku ya mwisho, giga zote zimekwisha. Hakuna aliyevunja kode. Mdogo wangu alimwonyesha rafiki yake ile alama ya QR kwenye simu, rafiki akaipiga picha, na usiku ule vijana wa ng'ambo ya ukuta walikuwa ndani wakitazama video. Nilipomuuliza, akajibu: "Yaya, aliniomba tu. Ningemukatalia namna gani?"

Hilo njo kosa la kwanza la ule ujumbe: unafikiri mwizi ni yule anayevunja mlango. Sisi wa kilimo tunajua zaidi. Unaweza kuzungushia shamba lako ukuta, lakini ugonjwa wa mozaiki ya muhogo utaingia na vipando ulivyopokea kwa mikono miwili kutoka kwa jirani. Swali si urefu wa kode tu. Ni nani wanayo, na wakishaingia wanafika wapi?

WPA2, mfumo uliotoka 2004 na ambao bado uko kwenye modemu nyingi, iko na udhaifu huu: mwenye kode na ujuzi kidogo anaweza kunasa simu ya mwingine inapojiunga, halafu akafungua kinga ya Wi-Fi na kufuata mawasiliano yake. WhatsApp na benki ziko na kufuli zao wenyewe, kwa hiyo hatasoma kila kitu. WPA3, iliyotangazwa 2018, iliziba tundu hilo. Ujumbe wetu hausemi neno juu yake.

Kosa la pili ni kuficha jina. Simu yako yenyewe inaliita jina lililofichwa kila inapotafuta mtandao, na programu ya bure inatosha kulisikia. Umejificha nyuma ya pazia huku unapiga kelele.

Kosa la tatu ni kimya. Modemu iko na milango mingine. Kwanza neno la siri la kuingia katika mipangilio yake, ambalo fundi wengi wanaliacha kama lilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliteka kamera na modemu nyingi duniani kwa kujaribu jozi kama 60 tu za maneno ya kiwandani. Mwaka uleule kampuni ya simu huko Liberia ilishambuliwa kwa vifaa vilivyotekwa hivyo, na Mwingereza mmoja akafungwa kwa ajili hiyo mwaka 2019. Pili, WPS. Mwaka 2011 ilionekana kwamba namba yake ya tarakimu 8 inahakikiwa kwa vipande viwili, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha. Hapo herufi zako 20 hazisaidii kitu.

Nisiwe mbaya: kode ndefu inahitajika bado, maana fupi inakisiwa. Ujumbe haudanganyi hapo. Unadanganya unaposema "umemaliza".

Kwetu tulifanya hivi:

1. Tulibadilisha neno la siri la mipangilio. Anwani ya kuingilia iko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya modemu.
2. Tulizima WPS.
3. Tuliwasha WPA2 na WPA3 kwa pamoja, juu simu za zamani hazijui WPA3.
4. Tulifungua mtandao wa wageni, wenye kode yake. Tunaibadilisha kila mwezi na tunauzima usiku.
5. Tuliboresha programu ya modemu siku umeme wa SNEL ulipotulia. Ukikatika katikati, modemu inaweza kufa.

Modemu zingine hazina mtandao wa wageni. Basi badilisheni kode mara kwa mara, hata kama inachosha.

Najua mtasema: "Utaonekana mchoyo." Kwetu mgeni hanyimwi maji, na sasa hanyimwi Wi-Fi. Sawa. Lakini mgeni anakaribishwa barazani, hapewi funguo ya ghala. Mtandao wa wageni njo baraza. Mdogo wangu sasa anagawa kode bila woga, na mimi sigombani na mutu.

Dosye yangu haikufika. Nitaomba tena mwaka huu. Ninyi, leo jioni, ingieni katika modemu yenu, mufungue listi ya simu zilizounganishwa, muhesabu. Zikizidi watu wa nyumbani, mujue kode yenu imeshatembea.