Kipaji Hakifuti Deni la Nyumbani

Katika riwaya ya The Moon and Sixpence, iliyotolewa na W. Somerset Maugham mwaka 1919, Charles Strickland, dalali wa hisa wa London, anamwacha mkewe na watoto wawili baada ya miaka 17 ya ndoa. Watu wanadhani ametoroka na mwanamke. Kumbe yuko Paris, anachora. Anapoulizwa mkewe ataishije, anajibu kwamba amemlisha miaka yote hiyo, sasa naye ajitegemee.

Wako wasomaji wanaomsamehe kwa kuwa alikuja kuwa mchoraji mkuu. Hoja hiyo haisimami. Kipaji kilikuwa chake, lakini gharama aliwatwika wengine. Mkewe ilimbidi ajifunze kupiga taipu ili apate riziki. Naye Blanche, mke wa rafiki aliyemuuguza, alikunywa sumu baada ya kuachwa naye.

Katika mwambao wetu, Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858 ili amwachie binti yake wasia. Sanaa ile ilizaliwa nyumbani, na ingali hai. Mimi nami nimetunga usiku, baada ya kazi za ofisi, watoto wakiwa wamelala. Hawakunipunguzia hata ubeti mmoja.

Basi mwalimu afundishapo riwaya hii, asiishie kuuliza Strickland alichora nini. Aulize pia: nani aliyelipa?