Bega la Koti

Mwishoni mwa 1978, mpiga picha Bill Cunningham aliona koti likipita mtaani New York. Lilikuwa koti la manyoya lisilo na pambo lolote, ila bega lake lilikatwa kwa ustadi. Akapiga picha. Baadaye ndipo alipojua kwamba aliyelivaa ni Greta Garbo, nyota wa sinema aliyejificha machoni pa watu kwa miaka mingi. Gazeti la New York Times lilizichapa picha hizo tarehe 30 Desemba, na tangu hapo kisa hiki husimuliwa kama cha bahati. Mimi naona ndani yake ufundi wote wa Cunningham: macho yalifika begani kabla ya kufika usoni.

Kabla ya kamera, Cunningham alikuwa fundi wa kofia, akiuza kazi zake kwa jina la William J. Aliyezoea sindano huitazama nguo kwa kuuliza mshono umepita wapi na kitambaa kimelazwa upande gani. Swali la nani kaivaa huja baadaye.

Kituo chake kikuu kilikuwa kona ya Fifth Avenue na Mtaa wa 57. Alifika kwa baiskeli, mwilini koti la buluu la wafanyakazi wa Ufaransa, akangoja watu wapite. Hakuwapanga. Scott Schuman, mpiga picha aliyeanzisha blogu ya The Sartorialist mwaka 2005, huwaomba watu ruhusa nao husimama wakajiweka sawa. Picha zake ni nzuri, lakini zinamwonyesha mtu zaidi kuliko nguo. Sketi huijui mpaka mwenye nayo aruke dimbwi. Koti hulijui mpaka mkono unyooshwe kusimamisha teksi. Ndiyo maana Cunningham alipenda mvua na theluji: watu wakihangaika na hali ya hewa humsahau mpiga picha, na nguo hufanya kazi yake mbele ya lenzi.

Kisha kuna ukurasa wake gazetini, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Alibananisha picha ndogo ndogo nyingi kuhusu jambo moja: rangi fulani, ukosi, namna ya kufunga skafu. Akiliona kwa mtu mmoja, aliliweka akiba. Likijirudia kwa wengi, likawa ukurasa. Ukosi uleule ukiuona kwa bibi wa miaka sabini, kwa kijana, kwa mnene na kwa mwembamba, unajitenga na wote hao, nawe unaanza kuuona shingoni mwako. Picha moja ya mrembo mmoja haiwezi hilo. Unamtamani yeye, unanunua nguo, nayo inakukataa kwenye kioo.

Aliwahi kuacha gazeti jingine la mavazi kwa sababu maneno aliyoandika chini ya picha zake yaligeuzwa kuwa kejeli kwa wanawake wa kawaida. Naliona hilo kuwa suala la ufundi pia. Kejeli humrudisha msomaji kwenye sura na umbo la mtu, mahali ambapo hakuna cha kujifunza kuhusu mshono.

Mimi nimewahi kumpelekea fundi cherehani picha kwenye simu na kumwambia, "Nataka hivihivi." Gauni likatoka kama picha, na sikulivaa mara ya tatu. Safari iliyofuata niliacha simu mkobani, nikakaa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, asubuhi kadhaa na daftari. Niliandika nguo tu, bila mwenye nguo. Nilipozisoma kurasa zangu nikakuta kitu kimoja kimejirudia kuliko vyote: mkono wa gauni la kitenge unaoishia chini kidogo ya kiwiko, bila lastiki, bila marinda.

Nikarudi kwa fundi na lile gauni nisilolivaa.

"Nibadilishie mikono tu."

"Na gauni lenyewe je, dada?"

"Liache lilivyo."

Akavuta futi kutoka begani hadi chini ya kiwiko, akatia alama ya chaki.