"Nimeuza Nyumba": Uhakiki wa Karatasi Moja ya Dilolo

Makala haya yanahusu matini fupi ambayo kwa desturi haihesabiwi kuwa kazi ya kuhakikiwa: karatasi ya kununulia nyumba, yenye mistari michache tu, iliyoandikwa kwa mkono katika mtaa mdogo wa Dilolo mwaka 2016. Wahakiki wetu wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi, na hakuna ubaya katika hilo. Hata hivyo, kwa watu wengi wa mitaa yetu, karatasi ya nyumba huenda ikawa matini ya pekee watakayoitia sahihi kwa Kiswahili maishani mwao. Tena ni matini ambayo neno lake moja likisomwa vibaya mtu huweza kulala nje.

Dilolo iko mwisho wa reli itokayo Tenke kupitia Kolwezi, mpakani na Angola, pale njia hiyo ilipounganishwa na reli ya Benguela mwaka 1931. Nyumbani watu huzungumza Kiruund, Kichokwe au Kiluvale. Kiswahili ndiyo lugha ya stesheni, ya soko na ya kuzungumza na mtu usiyemfahamu. Ndiyo sababu mjomba wangu, aliponunua nyumba ya vyumba vitatu kwa mzee mmoja mstaafu wa reli, hakuiandika karatasi kwa lugha ya nyumbani kwake wala ya mzee yule. Jirani aliyejua kuandika aliiandika kwa Kiswahili, mbele ya mashahidi wanne. Tukiacha majina, kiini chake kilikuwa hiki:

"Miye nimeuza nyumba ya baba huyu pamoja na parcelle yake. Baba ameuzisha kwa mapenzi yake mwenyewe. Falanga yote amepokea."

Msomaji wa Dar es Salaam au wa Mombasa atashtuka katika sentensi ya kwanza. Msomaji wa Dilolo, Kolwezi au Lubumbashi haoni tatizo lolote. Kwetu, kuuza ni kutoa fedha na kupata kitu, na kuuzisha ni kutoa kitu na kupata fedha. Karatasi ile, kwa lugha ya waliokuwa wamekaa chini ya mwembe siku ile, haina utata hata chembe: ina mnunuzi, ina mwuzaji, ina kitu kilichohama na ina fedha zilizopokewa.

Utata uliletwa na usanifishaji. Mwaka 2018 mjomba alitaka nakala iliyopigwa chapa, ili aanze kushughulikia hati ya serikali. Kijana aliyepewa kazi hiyo alikuwa na elimu, na alionea haya Kiswahili cha karatasi ile. Akaisafisha. Nakala yake ilisomeka hivi:

"Mimi nimeuza nyumba ya mzee huyu pamoja na kiwanja chake. Mzee ameuza kwa hiari yake mwenyewe. Fedha zote amezipokea."

Tuitazame kazi hii kama tunavyotazama tafsiri yoyote. "Falanga" kuwa "fedha" hakumdhuru mtu. "Mapenzi" kuwa "hiari" ni jambo la ladha. Lakini pale alipokutana na "ameuzisha", kijana aliona kiambishi cha ziada, kosa la watu wasiosoma, akakikata. "Nimeuza" ya mwanzo aliiacha, kwa kuwa ni neno sanifu na kamusi inalikubali. Matokeo yake ni matini yenye wauzaji wawili isiyo na mnunuzi. Kila sentensi ni sahihi kisarufi, na karatasi nzima ni batili kimaana.

Mzee alifariki mwaka 2021. Mwanawe, aliyekuwa amefanya biashara Tanzania kwa miaka mingi, alirudi akaisoma nakala ile kwa Kiswahili alichokizoea. Aliyoyaona yalieleweka vizuri kabisa kwake: mjomba wangu anakiri kwa sahihi yake kwamba aliiuza nyumba ya mzee. Basi alikuwa dalali, na dalali huyo anaishi ndani ya nyumba aliyotumwa kuiuza! Hatuwezi kumlaumu. Alisoma kilichoandikwa. Shauri lilikwenda kwa mkuu wa mtaa, likakaa miezi, hadi shahidi mmoja alipoleta karatasi ya kwanza, ile ya mkono, aliyokuwa ameihifadhi ndani ya Biblia yake. Ilisomwa kwa sauti mbele ya watu. Mwana wa marehemu alikuwa wa kwanza kucheka, maana Kiswahili cha utotoni mwake kilimrudia.

Yafaa sasa tuulize kama "kuuzisha" ni kosa kweli. Kibemba kina kushita kwa maana ya kununua, na kushitisha kwa maana ya kuuza. Kiluba cha Kasai kina kusumba na kusumbisha. Kilunda kina kulanda na kulandisha. Katika lugha zote hizo mzizi wa kununua ndio wa msingi, na mwenye kuuza ni yule anayemfanya mwenzake anunue: kauli ya kutendesha kama tunavyoifundisha darasani. Wafanyakazi waliokusanywa migodini na relini kutoka katika lugha hizo walipokea umbo "uza" kutoka Kiswahili, wakalipanga katika mfumo wao. Hawakuharibu chochote. Walitaka jozi yenye mantiki, wakaipata.

Kuna jambo la kustaajabisha zaidi. "Uza" ya Kiswahili sanifu yenyewe ni kauli ya kutendesha ya kale. Kiganda kinatuonyesha jozi hiyo ikiwa bado kamili: kugula ni kununua, kuguza ni kuuza. Kinyarwanda kina kugura na kugurisha. Kiswahili sanifu kilibaki na nusu ya jozi na kuijazia nusu ya pili kwa "nunua". Kwa hiyo mtu wa Kolwezi anayesema "uzisha" anarudia, bila kujua, hatua ambayo Kiswahili kiliwahi kuipitia zamani. Tofauti hii si siri: wanaisimu wamekieleza Kiswahili cha Lubumbashi tangu miaka ya 1960, na sarufi ya Ferrari, Kalunga na Mulumwa ilitolewa mwaka 2014. Tatizo ni kwamba maelezo hayo hukaa maktabani, nayo kalamu nyekundu hukaa darasani.

Hapa mwandishi wa makala haya hana budi kusema kwamba kijana aliyeipiga chapa karatasi ile alikuwa mwanafunzi wake. Katika mitihani yake mwenyewe nilikuwa nimeizungushia "uzisha" wino mwekundu, zaidi ya mara moja, bila neno la maelezo pembeni. Alijifunza alichofundishwa.

Wenzetu wengine watasema dawa ni rahisi: tuandike "nunua" na "uza", yaishe. Neno "nunua" linafahamika Dilolo, kwa shule na kwa kanisa. Lakini linafahamika kama neno la kusoma, halitumiki katika kupatana bei. Karatasi ya nyumba huandikwa kwanza kwa ajili ya anayetia dole gumba. Mzee yule angesikia "nimeuza" ikitoka kinywani mwake mwenyewe, angekataa kutia dole, na angekuwa na haki: angedhani anaandikiwa kwamba yeye ndiye aliyenunua. Hali kadhalika kauli ya kutendea: "aliniuzia nyumba" kwa mtu wa pwani ni kuuziwa, na kwetu ni kununuliwa nyumba na mfadhili. Mtu akifikishwa kwa hakimu kwa neno hilo, usanifu hautamsaidia.

Kuna mfano mzuri wa namna ya kusoma. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huo, chini ya jina la Kifaransa *Vocabulaire*. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 hakuisahihisha. Alimwomba Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, aisome kwa sauti, na usomaji huo ndio uliofungua mengi yaliyofungwa na tahajia. Mashahidi wa Dilolo walifanya vivyo hivyo, pasipo kumsoma Fabian.

Limebaki neno "parcelle", ambalo kijana wetu aliliona la kigeni akaweka "kiwanja". Mimi naona kosa hili ni dogo kwa sauti lakini kubwa kwa sheria. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Dola, nayo haiuziki. Mtu hupewa haki ya kuitumia, na hati ya usajili ndiyo humthibitishia haki hiyo. "Parcelle", katika vinywa vya watu, hubeba yote hayo: kipande kilichopimwa, chenye namba, chenye mwenye haki. "Kiwanja" ni udongo, kitu kile hasa ambacho mjomba hakuweza kukinunua. Watu wa Kasulo, mjini Kolwezi, walilipima jambo hili kwa njia ngumu baada ya mwaka 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba zao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilikabidhiwa kampuni, na kaya nyingi zikahamishwa. Nyumba ilikuwa yao, madini hayakuwa yao. Na wazee waliokulia katika kambi za Union Minière, kabla haijataifishwa mwaka 1967, hawakuhitaji kitenzi chochote kati ya hivi. Nyumba ya kambi ilifuata kazi: mtu alipewa, na kazi ilipokwisha, alitoka.

Mwaka jana warithi wa mzee na mjomba walikubaliana kuandika karatasi mpya, nami nikaombwa niiandike. Niliweka "ameuzisha" mahali pake, kisha nikaongeza sentensi moja isiyo na uza wala uzisha: huyu ametoa falanga na kupata nyumba, huyu ametoa nyumba na kupata falanga. Nikaisoma kwa sauti mara mbili. Mara ya pili mjomba alinisimamisha kwenye neno "kiwanja", ambalo mkono wangu ulikuwa umeliandika kwa mazoea. Nikalikata, nikaandika "parcelle".