Maziwa Ndani ya Giaboksi

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipitisha kwenye kidole gumba, akaninyooshea mkono bila kusema kitu. Oili iliyotakiwa kung'aa kama asali ilikuwa nyeupe na nzito, mfano wa chai ya maziwa iliyopoa. Tulikuwa uani kwa mkulima mmoja nje kidogo ya mji wa Kasulu. Mvua zilikuwa zinaishia. Trekta lake lilikuwa limelima mashamba ya mahindi hadi Desemba, kisha likaegeshwa chini ya mwembe hadi Mei.

"Huo ni umande, fundi," mwenye trekta alisema. "Huku kwetu baridi, chuma kinatoka jasho."

"Mzee wangu, jasho la chuma haliwezi kufanya hivi. Haya maji yameingia yakiwa maji."

Karibu kila mwenye trekta niliyewahi kuzungumza naye huku juu, Kasulu hata Kibondo, ana imani ya yule mzee: oili ikiwa nyeupe, lawama ni ya ukungu na baridi ya usiku. Imani hiyo inagharimu watu oili nzuri kila mwaka, kwa sababu umande huwezi kuuziba, na mtu asiyeweza kuziba hatafuti tundu.

Tukokotoe. Chukua trekta lenye oili lita 40 katika nyumba moja inayobeba gia, difu na haidroliki. Juu ya oili inabaki hewa, tuseme lita 30. Likilima kutwa, oili inaweza kufika nyuzi 70 za Selsiasi. Usiku, katika mji ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, nyumba hiyo inapoa hadi nyuzi 20. Hewa iliyokuwa imetanuka inasinyaa kwa karibu asilimia 15, na pengo lake linajazwa kwa kuvuta hewa ya nje, kama lita nne na nusu. Hewa iliyoshiba unyevu katika nyuzi 20 hubeba gramu 17 za maji kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo pumzi moja ya usiku inaingiza chini ya sehemu ya kumi ya gramu. Irudie usiku 180, msimu mzima wa mvua, na uchukulie kwamba hakuna hata tone lililotoka: utapata gramu 14 hivi, kijiko kimoja cha chakula.

Oili nyingi huanza kufanya ukungu maji yanapokaribia asilimia 0.1, ambayo katika lita 40 ni karibu vijiko vitatu. Ili iwe nyeupe kama ile tuliyoiona, inahitaji maji mengi zaidi ya hayo. Basi fundi alikuwa sahihi, tena kwa mbali.

Lakini pumzi ile ndiyo ufunguo wa jambo lote. Hewa inayovutwa haina madhara makubwa. Madhara yanakuja pale mdomo unaovuta unapokuwa chini ya maji. Lita nne na nusu za mvuto zikikuta dimbwi dogo juu ya ufa, hazitaingiza mvuke, zitaingiza dimbwi.

Fundi alianza na kipumulio, kile kifuniko kidogo cha juu ya nyumba ya gia kinachoruhusu hewa kuingia na kutoka. Kilikuwa kimezibwa kabisa na udongo mwekundu uliochanganyika na oili ukakauka kama tofali. Trekta ambalo kipumulio chake kimeziba halikomi kupumua, linatafuta pua nyingine. Akapanda, akasogeza gia huku na huku, akaibonyeza raba nyeusi iliyoshika shina la gia. Ufa ukafunguka, mrefu kama ukucha, na pembeni yake kulikuwa na utando mbichi wa oili. Huo utando ni ushahidi mzuri kuliko wote: mchana, hewa ya moto ilikuwa ikitokea pale na kusukuma oili, na ilipopoa ikarudia njia ile ile. Raba yenyewe ilikuwa imelegea na kubonyea katikati, ikawa kisahani. Trekta halina kibanda cha dereva. Kila mvua ilijaza kisahani kile.

Mzee hakuridhika, na mimi nilifurahi kwamba hakuridhika, maana kilichofuata sikukitegemea. Kwa kuwa oili ile ilikuwa ya kumwagwa kwa vyovyote, fundi aliwasha trekta, likavuta tela la mchanga hadi jioni. Liliporudi likiwa la moto, akamimina maji kikombe kimoja cha chai juu ya raba, na kikombe kingine kilichojaa akakiweka pembeni, juu ya madigadi ya tairi. Asubuhi kikombe cha pembeni kilikuwa kimejaa kama kilivyoachwa. Juu ya raba hapakuwa na maji. Mzee aligusa kwa kidole, akanyamaza.

Kwa trekta lililoegeshwa mambo ni hayo hayo, isipokuwa moto wake unatoka juani. Mchana chuma kinapigwa jua, alasiri mvua inashuka ghafla na kukipoza ndani ya dakika chache, wakati ule ule kisahani kinajaa. Kulima huku huanza kabla ya mvua za Oktoba na Novemba na kukaribia kwisha Desemba, kwa hiyo miezi yenye maji mengi ndiyo miezi ambayo trekta limesimama nje bila oili kupata joto la kazi la kufukuza unyevu.

Kuhusu madhara nitasema kwa ufupi. Mwaka 1977 Richard Cantley, mtafiti wa kampuni ya beringi ya Timken, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba maji yakipanda kutoka sehemu 100 hadi 400 kwa kila milioni moja za oili, umri wa beringi unashuka chini ya nusu. Sehemu 400 ni asilimia 0.04, kabla jicho halijaona weupe wowote. Hapo umande nao una hesabu yake, na ndiyo maana trekta lililokaa muda mrefu linanufaika kwa kufanyishwa kazi nzito saa mbili hivi, kipumulio kikiwa wazi, oili ipate moto. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakusaidii.

Matengenezo yalichukua siku moja. Kwanza nati za chini zililegezwa oili ikiwa baridi, yakatoka maji matupu kama glasi moja, yaliyokuwa yametuama. Ndipo oili ikapashwa moto na kumwagwa yote, kila nati, pamoja na za pembeni kwenye ekseli ambazo wengi huzisahau. Fundi alikataa kuzungusha gia kwa dizeli tupu ya kusafishia, na namuunga mkono: pampu na beringi zile hulainishwa na oili hiyo hiyo, dizeli haina unene wa kuzilinda. Alitumia lita chache za oili mpya ya bei nafuu, akaimwaga, akabadilisha filta ya haidroliki. Raba mpya ilibanwa kwa klipu. Juu yake akavika sketi ya tyubu kuukuu, na trekta linapoegeshwa, dumu la lita tano lililokatwa kitako linafunika mashina ya gia.

Kabla ya kumimina oili mpya alidondosha tone moja kwenye bati lililokaa juu ya jiko la mkaa. Tone lilitandaa kimya. Lingetatarika na kuruka, lingekuwa na maji. Tahadhari hiyo si ya bure. Kibondo nimeona mapipa ya oili yamesimamishwa nje ya duka, maji ya mvua yamejaa juu ya kifuniko. Pipa nalo linapumua mchana na usiku, na linavuta dimbwi lake kupita kizibo kama trekta la mzee. Muuzaji alilaze, vizibo viwili vikae usawa mmoja, kushoto na kulia, oili ikivifunika kwa ndani.

Msomaji mwenye trekta, iwe Kasulu, Kibondo, Kakonko au Buhigwe, jioni hii panda juu na bonyeza raba ya gia. Kisha chomoa kipumulio, kioshe, na ukipulize kwa mdomo. Hewa isipopita, usingoje mvua ya kwanza.