Indiana Jones ndani ya Hollywood ya sinema bubu: muvi tamu iliyosahau mkanda

Kama umewahi kuhangaika na ada, Indy utamwelewa haraka. Ni mwaka 1920, hana hela ya kuendelea na masomo Chicago, kwa hiyo anaenda Hollywood kutafuta kibarua. Kampuni ya Universal inampa kazi ngumu: amdhibiti mwongozaji Erich von Stroheim, ambaye filamu yake Foolish Wives inakula pesa na haiishi. Hiyo ndiyo Young Indiana Jones and the Hollywood Follies, filamu ya televisheni ya 1994 iliyoongozwa na Michael Schultz. Indy ni Sean Patrick Flanery, si Harrison Ford, usije ukashangaa.

Vichekesho ni vingi, lakini ugomvi wenyewe ulikuwepo kweli. Irving Thalberg, bosi kijana, alizaliwa 1899. Piga hesabu uone alikuwa na umri gani. Von Stroheim naye alijengewa Monte Carlo nzima California, na Universal ikaitangaza Foolish Wives kama filamu ya zaidi ya dola milioni moja. Ilitoka Januari 1922. Mvutano kati ya mwenye maono na mwenye pochi, muvi hii imeuelewa vizuri.

Ila fizikia yake? Hapo ndipo ninapolalamika. Mkanda uliozoeleka wakati huo uliona mwanga wa bluu na kijani, lakini wekundu haukuuona kabisa. Mdomo mwekundu ulitoka mweusi, anga la bluu likatoka jeupe kama karatasi. Ndiyo maana waigizaji walipakwa vipodozi vya ajabu ambavyo ukikutana navyo njiani ungekimbia. Filamu ya 1994 ni ya rangi! Ilikuwa na nafasi ya kutuonyesha pande zote mbili, sura ilivyo mbele ya kamera na inavyotoka kwenye mkanda. Badala yake kamera imebaki pambo tu.

Halafu kuna ule mkono wa kuzungusha. Mzunguko mmoja kwa kawaida ulipiga picha 8, hivyo mizunguko miwili kwa sekunde ni picha 16. Mpiga picha akipunguza kasi ya mkono, farasi kwenye pazia anapaa. Yaani mbio nyingi za hatari za zama zile zilikuwa hesabu ya mkono. Indy anapoingia kwenye vitendo vya hatari, farasi na kila kitu, nakiri nilikaa sawa kwenye kiti. John Ford yumo kama mhusika, na ni Ford huyohuyo aliyekuja kuongoza Stagecoach ya 1939, ambamo Yakima Canutt alijiachia katikati ya farasi wanaokimbia. Waandishi wanajua historia yao, hilo siwanyimi.

Kinachoniuma zaidi ni mkanda wenyewe. Ulitengenezwa kwa selulosi naitreti, ambayo ina oksijeni ndani ya molekuli zake, kwa hiyo ikishika moto hata maji hayasaidii. Inaendelea kuwaka humohumo. Isipoungua inaoza: inatoa gesi zinazogeuka asidi, na asidi inaharakisha kuoza. Ongeza studio zilizotupa mikanda kwa kuona haina biashara tena. Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa 2013 ulikuta takriban asilimia 70 ya filamu bubu ndefu za Marekani zimepotea. Muvi nzima Indy anahangaika kuizuia filamu moja, wakati kemia ilikuwa inazisubiri karibu zote. Hadithi ingekuwa nzito mara mbili kama mtu mmoja tu angeingia stoo na kunusa.

Foolish Wives yenyewe tunayoiona leo imeungwaungwa kutoka nakala tofauti, na ni fupi mno kuliko aliyoitaka von Stroheim. Itazame baada ya hii. Angalia anga, kisha angalia midomo.